Ngoma Isiyopoa

Siku ya kwanza nilifuta sauti thelathini na mbili kabla ya saa nne asubuhi. Kila shangazi alipopiga pigo moja, kitu kiliingia juu yake: lori la miwa likibadilisha gia kwenye kona, jogoo, mtu aliyepita uani akibisha hodi. Nilikuwa nimetundika mablanketi manne kwenye kuta za chumba chake, nimefunga dirisha, nimezima feni, na bado. Nilikaa, nikasimama, nikasogeza kipaza sauti kwa upana wa vidole viwili, nikakaa tena. Shangazi alikuwa kwenye kigoda, ngoma katikati ya magoti, ananitazama kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Tena?" aliuliza.

"Tena, shangazi. Lori."

"Lori nalo la hapahapa. Liache liimbe."

Shangazi ni dada wa baba yangu. Anaishi Ruaha, kwenye nyumba ambayo miwa inaanzia pale ua unapoishia, na msimu wa kuchoma mashamba majivu meusi huanguka mpaka ndani ya sufuria. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepiga ngoma katika kikundi cha akina mama wa pale, na harusi nyingi za upande ule zilimpitia mikononi. Kisha bega la kulia likaanza kumsumbua. Alipokwenda hospitali aliambiwa asipige ngoma tena, na kama akipiga, lawama iwe yake.

Shida ni kwamba mjukuu wake wa mwisho alikuwa anaolewa, Mikumi, kwa mama yake. Katika ukoo wetu bibi harusi hutolewa nje kwa ngoma ya akina mama, na ngoma hiyo hupigwa kwa mkono wa bibi yake. Bibi akishindwa hupiga mama. Lakini mama wa mtoto huyo, binamu yangu, hakujifunza. Amekulia jikoni mwa nyumba za wageni, na mikono yake inajua chapati kuliko ngozi. Shangazi alikuwa amekwisha kuwatoa wajukuu sita. Huyu wa saba ndiye aliyemlea mwenyewe tangu alipoachishwa ziwa.

"Nina maneno yangu na yule mtoto," aliniambia. "Na yanasemwa ngomani, hayasemwi kwenye simu. Wewe si ndiye unayetia kinanda ndani ya kompyuta? Nitie na mimi humo."

Niliandika katika daftari langu: *Shangazi atazungumza wakati wa ngoma. Sauti ishushwe.* Nilipigia mstari.

Inafaa niseme mimi ni nani katika jambo hili. Mchana napiga chapa barua katika ofisi moja Kilosa mjini. Baada ya kazi nafungua chumba cha nyuma cha nyumba yangu, ambako narekodi kwaya, kaswida, na vijana wanaotaka kusikika kama wale wa Dar es Salaam. Sikufundishwa na mtu. Nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikaanza kusoma maelezo ya programu, kamusi mapajani, ukurasa mmoja kwa jioni. Kila kitufe nilikipa wiki moja. Kuna kifaa kimoja humo kinachobana sauti, kikishusha iliyo juu ili iliyo chini isikike. Nilikigeuza mbele na nyuma siku saba juu ya kikohozi changu mwenyewe mpaka nikajua kinachofanya. Mwangwi nilijifunza kwa kulinganisha na ule wa bafuni, wa darasani na wa chini ya daraja la reli.

Katika yote hayo, kilichonishika zaidi ni ala za ndani ya kompyuta. Mtu anakaa na ala halisi, anaigonga au anaipuliza sauti moja moja, kila moja inahifadhiwa peke yake, kisha zote zinapangwa chini ya vibonye. Ukigusa kibonye, sauti ile inatoka. Kinanda cha ukumbi wa nchi ya mbali kinalia Kilosa, kwenye meza yenye mguu uliotiwa gazeti. Nilikuwa nimetumia ala za watu wengine kwa miaka, lakini ya kwangu mwenyewe sikuwahi kuitengeneza. Kwa hiyo shangazi aliponiomba, nilikubali haraka kuliko ilivyo kawaida yangu.

Hesabu ilikuwa inapendeza. Bega lake halikuweza kupiga ngoma saa nzima, lakini liliweza kupiga pigo moja, likapumzika, likapiga jingine. Vipande hivyo nikivipanga kwenye kibodi ndogo yenye vibonye kumi na sita vya mpira, angevigusa kwa ncha za vidole bila kuinua bega kabisa. Mkono ni wake, sauti ni yake, bega linapona. Niliieleza mara mbili.

"Daktari amekataza kupiga ngoma," alisema shangazi. "Vifungo vya shati hajakataza."

Niliorodhesha mapigo yake: la katikati kwa kiganja, la ukingoni kwa vidole, la kuziba, la kukwaruza, na mengine ambayo hayakuwa na majina nikayapa namba. Kila pigo lilitakiwa lirekodiwe kwa nguvu tano, kutoka mguso mpaka kishindo, na kila nguvu mara nne, ili kompyuta izibadilishe na ngoma isisikike kama cherehani. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo nilijisifu sana kwa kuligundua. Niliweka simu karibu na ngoma, ikiwa na kile kipimo wanachotumia wapiga gitaa kutegea nyuzi. Ngoma ikitoka motoni sauti yake iko juu, imekaza. Kadiri ngozi inavyopoa, inashuka. Pigo la kumi halikuwa sawa na la kwanza, na la ishirini lilikuwa kama la ngoma nyingine.

Kwa mtu anayetengeneza ala, hilo ni janga. Vibonye viwili vilivyo jirani haviwezi kutoka kwenye ngoma mbili za joto tofauti. Nikaweka utaratibu: baada ya kila mapigo manane, ngoma inarudi nje kwenye moto wa majani makavu ya miwa, inaota, napima, ikifika pale pale ilipoanzia ndipo tunaendelea. Siku tatu nilikuwa natoka na kuingia na ile ngoma kama mtu mwenye mgonjwa wa homa.

Jirani wa shangazi, mwanamke ambaye ndiye mwimbishaji wa kikundi chao, alikuja kuegemea ukuta akitafuna muwa.

"Hiyo ngoma unaipika?" aliuliza. "Maana naona kila saa iko jikoni."

"Nataka isishuke, dada."

"Isishuke iende wapi?"

"Ibaki pale pale."

Alimtazama shangazi. Shangazi aliinua mabega, kisha akakumbuka bega lake, akaguna. "Mwache," alisema. "Huyu tangu mdogo alikuwa anahesabu punje za mahindi kabla hajala."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikaandika kipimo cha saa tano na dakika kumi.

Nilirudi Kilosa na sauti mia mbili na nane zilizokuwa safi. Wiki mbili zilizofuata sikukaa vizuri popote. Ofisini nilikosea tarehe kwenye barua, jambo ambalo si langu. Jioni nilikata ncha za sauti, moja moja, nikatoa mvumo wa lori lililobaki kwa mbali, nikaweka mbano kidogo, nikatoa, nikaweka tena. Mwangwi niliuacha, kwa sababu ngoma ya uani haina ukumbi. Nikarudisha tone moja, nikaogopa, nikaliondoa. Nilikwenda Ruaha mara mbili zaidi kwa ajili ya mapigo kumi na moja ambayo hayakunipa amani. Njia ile kutoka Kilosa hadi Mikumi, halafu kuteremka mpaka Ruaha, naikumbuka kwa hesabu tu: nilikuwa na simu sikioni, nasikiliza pigo la kuziba kwa nguvu ya tatu, na sikumbuki kama kulikuwa na mvua.

Mara ya mwisho nilimwekea kibodi mapajani na spika ndogo miguuni. Aligusa kibonye cha kwanza, akaondoa kidole kama mtu aliyegusa jiko. Kisha akarudi. Baada ya dakika moja alikuwa ameshajua kila kitu kiko wapi, na mkono wa kushoto ukawa unajibu wa kulia. Alifumba macho. Bega halikutikisika.

"Ni mimi," alisema.

Nilimwomba tujaribu wimbo wote, kuanzia bibi harusi akiwa chumbani mpaka atoke. Alikataa. Ngoma ya kumtoa bibi harusi haipigwi kwa majaribio. Ukiipiga bila bibi harusi unamwita asiyekuwepo. Nilitaka kubishana lakini ni shangazi yangu. Nikamuuliza maswali badala yake, nikiwa na daftari: wimbo unaanzwa na nani, wanawake ni wangapi, spika ikae upande gani. Alijibu yote. Nilipofika kwenye maneno yake nilimuuliza kama atasimama au atakaa. Akasema atakaa. Sikuuliza zaidi.

Kuna jambo ambalo ningelijua kama ningeolewa kama wenzangu. Mimi niliolewa bomani, kwa mashahidi wawili na kalamu ya kuazima, na tangu utotoni nimeishi Kilosa kwa ajili ya shule. Harusi za ukoo nilihudhuria za kutosha, lakini mimi ni wa kukaa karibu na mlango na kuondoka mapema.

Siku ya harusi nilifika Mikumi asubuhi. Nilifunga nyaya kwa utepe wa gundi ili mtu asijikwae, nikaweka betri pembeni umeme usije ukatusaliti, nikaijaribu spika mara tatu kwa sauti ndogo. Kwenye kitufe cha sauti nilitia alama mbili za rangi ya kucha: nyekundu kwa ngoma, nyeupe kwa wakati shangazi anapozungumza. Ngoma yenyewe ililetwa pia, ikawekwa juu ya mkeka ndani, kwa sababu haiwezekani bibi harusi atoke ngoma ikiwa imebaki nyumbani. Hakuna aliyeiotesha moto. Hakukuwa na haja.

Baada ya adhuhuri wanawake waliingia uani wakafanya duara. Binamu yangu alipita mara nne akiniuliza kama kila kitu kiko tayari, na mara zote nne nilimjibu na bado nikaangalia nyaya. Gari la upande wa bwana harusi lilikuwa limeshafika getini. Walikuwa wamesema wanataka kuondoka kabla ya alasiri, wana safari. Shangazi akaketi kwenye kigoda, kibodi mapajani juu ya kanga. Akagusa.

Nilipumua kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Sauti ilijaa ua ule kana kwamba ngoma yenyewe iko katikati. Mwimbishaji aliyekuwa akinicheka alianza wimbo, wenzake wakapokea, bibi harusi akatolewa akiwa amefunikwa, akasimama katikati ya duara, na wakaanza kumzunguka. Niliweka kidole kwenye kitufe, kwenye alama nyekundu, nikamtazama shangazi mdomoni. Akifungua tu, nashusha.

Hakufungua. Wimbo ulizunguka. Ukazunguka tena. Wanawake walikuwa na jasho sasa, na mmoja mnene akatoka kwenye duara akajipepea na ukingo wa kanga, akarudi. Nilikuwa nangoja shangazi aseme. Shangazi aliendelea kupiga, na kila baada ya muda alikuwa anainamisha kichwa upande wa spika, anasikiliza, anainua kichwa. Nilidhani anafurahi.

Getini honi ililia mara moja.

"Wasubiri!" mwimbishaji alijibu bila kukatisha wimbo, akaiingiza ndani ya wimbo wenyewe, na wote wakacheka wakiwa wanahema.

Honi ikalia tena. Binamu yangu alikwenda getini, akarudi, akamwonyesha mama yake saa ya mkononi. Ndipo shangazi, vidole vikiendelea, aliniita kwa kidevu. Nilisogea nikainama.

"Hii inapoa saa ngapi?" aliuliza sikioni mwangu.

"Haipoi, shangazi," nilisema, na nakiri nilisema kwa majivuno. "Nimeitengeneza isipoe. Unaweza kupiga mpaka kesho."

Alinitazama. Vidole vyake havikusimama, lakini uso ulibadilika.

"Mwanangu," alisema, "wanakaa chini ngoma ikipoa. Ikipelekwa motoni ndipo bibi anasema. Mpaka ipoe."

"Basi simama tu. Acha kupiga, useme."

"Anayepiga haamui," alisema. "Ningekuwa naamua mimi si ningesema tangu asubuhi."

Aliinua mikono hata hivyo, kwa kuwa honi ilikuwa inalia kwa mara ya tatu. Spika ikanyamaza. Wanawake walidhani umeme umekatika. "Tanesko na ndoa wapi na wapi," alisema mmoja, na bila kupoteza hatua wakaanza kupiga makofi mahali pa ngoma, na wimbo ukaendelea, mkali zaidi, kwa sababu ilikuwa heshima yao kutomwacha bibi harusi asimame kimya. Shangazi alisema jambo. Halikusikika. Alisema tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kompyuta, natafuta mahali pa kuilegeza ala nzima kwa pamoja, ilie kama ngoma iliyopoa. Najua pako wapi, nimepatumia mara mia, na siku ile sikupaona. Bibi harusi alikuwa anatazama getini kupitia kitambaa.

"Nileteeni yangu," shangazi alimwambia binamu yangu.

Ngoma ililetwa kutoka mkekani. Ilikuwa baridi tangu asubuhi. Aliiweka katikati ya magoti, akainua mkono wa kushoto, akaipiga pigo moja la katikati.

Ilitoka sauti ya chini sana, nzito, imelegea, ya namna ambayo mimi ningeifuta bila kufikiri. Makofi yalikatika. Wanawake wote waliketi, mmoja baada ya mwingine, palepale walipokuwa, wakashusha kanga mabegani. Bibi harusi akakaa chini mbele ya bibi yake. Mwimbishaji alichukua ngoma kutoka magotini mwa shangazi, akaipeleka nyuma ya nyumba kwenye jiko la mapishi, bila kuambiwa. Ua ukatulia kiasi kwamba niliisikia injini ya gari la getini.

Pigo lile lilikuwa limeshuka chini kuliko nilivyowahi kupima. Simu ilikuwa mkononi, kipimo kimewaka, namba bado ipo. Nilifungua daftari nikaiandika. Nikaandika na saa. Nikaandika kwamba ala inahitaji kitufe cha kupoza, na nikaanza kukadiria sauti ingeshuka kwa mwendo gani, dakika ngapi tangu motoni, kwa jua na kwa kivuli. Niliandika nusu ukurasa. Sauti ya shangazi ilikuwa ikiendelea karibu yangu, ya chini, bila haraka.

Nilipoinua kichwa, bibi harusi alikuwa analia kimyakimya na shangazi anamfunga kanga upya kichwani. Wanawake wengine wawili walikuwa wanajifuta macho. Mwimbishaji alirudi na ngoma ya moto, akaipiga yeye mwenyewe mapigo machache ya kufungia, na wakamsindikiza bibi harusi mpaka garini.

Jioni tulikaa mimi na shangazi kwenye benchi la pembeni mwa barabara, tukingoja gari la jirani aliyeahidi kumrudisha Ruaha. Ngoma ilikuwa imefungwa ndani ya kanga kati yetu, na vifaa vyangu miguuni. Nilimwomba radhi. Alisema hakuna kibaya, mtoto ametoka, na vidole haviumi, na kile kifaa kitafaa kwa ngoma za kuchezea tu. Nilisimama nikatazama barabara, nikakaa. Mwishowe nikamuuliza alichomwambia yule mtoto.

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hatua tatu tu kutoka kwangu. Ningeweza kukufikia kwa kiganja."

"Nilikuwa naandika, shangazi."

Aliinua kona ya kanga, akaipapasa ngozi ya ngoma, akaifunika.

"Basi soma ulichoandika," alisema.

Gari lilipofika, alitangulia kupanda, nami nikampa ngoma kupitia dirishani.